Pingamizi la Achari ya Bi Thuwaiba

Vijana wangu, siku mliyoniaga mlinikatia keki iliyoandikwa jina langu likiwa limekosewa herufi moja. Nikaila bila kuweka pingamizi. Baadaye mmoja wenu akaniambia, "Bi Rahma, tuandikie basi uliyoyaona humu ofisini, yasipotee." Sasa nimekaa nyumbani Kikwajuni, chai imepoa mbele yangu, na ninaona ugumu si kukumbuka. Ugumu ni kwamba mambo mengine nayakumbuka vizuri sana na bado siyaelewi. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, kwa sababu hazikunifundisha kitu. Nitaandika mengine, na mkiona nimechanganya, jueni nilikuwa nimechanganyikiwa tangu siku yenyewe.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bwana Haroub, mkaguzi mkongwe wa alama za biashara, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Hakunipa sheria nisome. Aliniwekea kiberiti mezani, akasema nikitazame vizuri. Kisha akakitia mfukoni akanichukua tukanywe kahawa barazani. Akanizungumzisha habari za ukoo wangu, nani kamuoa nani, mpaka kahawa ikaisha. Tuliporudi alifungua saraka ya meza akatoa kiberiti.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

Akatoa kingine mfukoni, akaviweka pamoja. Vilikuwa vya viwanda viwili tofauti kabisa. Kimoja kilikuwa na ndege, kingine kilikuwa na ua.

"Umefaulu," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yako. Uchanganyikiwe wewe hapa, ili mnunuzi asichanganyikiwe dukani."

Alinifundisha nisizilinganishe alama mbili ubavu kwa ubavu, kwa sababu mnunuzi hazioni hivyo. Anaiona moja leo, na nyingine wiki ijayo akiwa na mtoto mgongoni na sukari mkononi. Alinifundisha pia kuzisoma kwa sauti. "Mtu wa Unguja hanunui kwa macho," alisema. "Anasimama nje ya duka anaita." Ndiyo maana mlikuwa mnanisikia peke yangu chumbani natamka majina ya sabuni. Wengine mlidhani ni uzee. Kompyuta zilipokuja, na yale makabati ya kadi yakapelekwa stoo, niliendelea kutamka, maana mashine inasoma herufi lakini haisikii. Ukiiuliza kama Thuwaiba na Suwaiba ni jina moja, itakujibu kwa utulivu kabisa kwamba hapana.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba nikishazijua sheria, mkanganyiko utaondoka. Ulihama tu. Mwanzoni sikuelewa sheria, kisha nikazielewa sheria nikaacha kuwaelewa watu, na mwisho nikawaelewa watu, sheria zikaanza kunipotea tena.

Aliyenianzishia hatua hiyo ya mwisho ni fundi mmoja wa Bububu. Aliingia amebeba mashine ya kukunia nazi aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya feni, akataka hataza, yaani haki ya kuwa yeye peke yake wa kukitengeneza na kukiuza kitu kile. Ilikuwa mashine nzuri. Aliiwasha pale pale kaunta, na hata askari wa mlangoni akaja kutazama. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuiona kabla yetu.

"Kila mtu," akasema kwa fahari. "Mtaa mzima unakuja kukuna nazi kwangu. Fundi wa mjini alikuja kuipima, akatengeneza ya kwake anauza."

Ikabidi nimweleze kwamba uvumbuzi ukishaonyeshwa hadharani hauhesabiwi kuwa mpya, na kisicho kipya hakipati hataza.

"Kwa hiyo ningeificha?"

"Naam. Mpaka uje kwetu."

"Na jirani akija na nazi yake, wageni wako mlangoni, nimwambie nini?"

Akaizoa mashine yake, akaniaga vizuri, akaondoka. Sikuwa nimesema uongo hata neno moja, na bado nilishinda siku hiyo kama niliyemdanganya mtu.

Lakini mlilotaka mnajua ni lipi, maana lile jalada lilipita mikononi mwenu wote. Achari ya Bi Thuwaiba.

Nassor alikuwa mfanyabiashara wa Hurumzi, wa familia ya Kiarabu iliyowahi kuwa na mashamba na sasa ina nyumba moja kubwa yenye ngazi mbovu. Alileta maombi ya kusajili alama ya achari ya embe: maneno "Achari ya Bi Thuwaiba" na chini yake sura ya mwanamke aliyejitanda mtandio. Bi Thuwaiba, alisema, ni mama yake aliyefariki. Alikuwa amepata wanunuzi Maskati, kule Omani, na walitaka jina liwe limesajiliwa kwanza. Nikakagua, nikatamka, sikuona tatizo. Tukalitangaza kwenye gazeti la serikali kama ilivyo kawaida, ili mwenye kupinga apinge.

Akapinga Mwanahawa, mama wa makamo kutoka Bwejuu, anayeuza achari kwenye hoteli za pwani kwa jina lile lile. Na yeye alisema Bi Thuwaiba ni mama yake. Tena yu hai.

Nikawaita wote wawili, kwa kuwa wakati huo nilikwisha kupewa mamlaka ya kusikiliza mapingamizi. Walikaa pembe mbili za chumba, hawatazamani. Nassor alikuwa na wakili. Mwanahawa alikuwa na mama yake, bikizee mwembamba aliyevaa kanga mpya, ambaye kabla hajakaa alimpita wakili, akamwendea Nassor, akamtengeneza kofia.

"Umekonda," akamwambia.

"Shikamoo, mama," Nassor akajibu, macho chini.

Nikadhani ni heshima tu. Nikaanza na bikizee.

"Bibi, jina lako nani?"

"Pili."

Nikamtazama Mwanahawa. "Umeandika mamako ni Bi Thuwaiba."

"Ndiye huyu," Mwanahawa akasema. "Aliingia kwenye nyumba ya Hurumzi kupika akiwa kigoli. Achari ni mkono wake. Yeye anakata embe, anaanika juu ya dari, anakaanga uwatu na haradali. Yeye ndiye aliyekuwa akiibeba kwenda nayo sokoni. Sasa watu wakiuliza achari hii ya wapi, huambiwa ya kwa Bi Thuwaiba, yule bibi mwenye nyumba. Basi wakamwita mama huyu Bi Thuwaiba. Soko zima. Aliporudi Bwejuu jina likamfuata. Hata hospitali wanamwita hivyo."

"Mikono ya mama yangu, jina la mama yake," akaongeza, akimnyooshea Nassor kidole. "Mwenye jina hakuwahi hata kukata embe."

Nassor akasimama. "Mama yangu ndiye aliyenunua embe! Ndiye aliyesema itiwe pilipili mbuzi! Mnataka kumfanya hakuwepo?"

"Kaeni," nikasema, ingawa aliyesimama ni mmoja.

Nikamgeukia bikizee, nikamwonyesha ile sura kwenye lebo. Nilitumaini angalau hapo patakuwa na jibu. Nikamwuliza huyu ni yeye, au ni marehemu bibi?

Bi Pili akaishika karatasi karibu na jicho, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Huyu simjui," akasema.

Ikabainika mchoraji wa lebo alimchora mwanamke wa kichwani mwake. Wakili akakohoa. Nikamwuliza Nassor, kwa ajili ya kumbukumbu tu, bikizee huyu ni nani kwake.

"Mama yangu."

"Umesema mama yako ni marehemu Bi Thuwaiba."

"Na yeye pia."

"Ndugu Nassor, mimi naandika hapa."

Ni Bi Pili aliyenionea huruma. "Nimemnyonyesha, mwanangu. Mamake aliumwa sana alipomzaa, maziwa hayakutoka. Mwanahawa wangu alikuwa mchanga, basi nikawanyonyesha wote wawili. Huyu huku, huyu huku."

Kwa hiyo walikuwa ndugu wa ziwa moja. Dini inawahesabu ndugu, hawawezi kuoana, na mtaa mzima wa Hurumzi ulilijua hilo. Ni mimi tu, na sheria yangu, tuliokuwa hatujaambiwa. Nilitazama karatasi zangu. Mwombaji anasema achari ni ya mama yake. Mpingaji anasema achari ni ya mama yake. Wote wawili wanasema kweli, na kwa namna fulani wanamsema mtu mmoja, na kwa namna nyingine wanawasema wawili. Bwana Haroub alinifundisha kuchanganyikiwa kwa viberiti. Hili hakunifundisha.

"Bibi," nikasema, "wewe unataka jina hili apewe nani?"

"Mie sina haja ya jina. Nnataka Nassor aje Bwejuu. Tangu barua ya wakili imekuja hajatia mguu. Nnapika, nnamwekea, nnatupa."

Wakili akaomba shauri liahirishwe, na nilimshukuru moyoni.

Kilichofuata mnakijua nusu tu. Siku chache baadaye, asubuhi, Nassor alikuja peke yake bila wakili. Alisema anaondoa maombi. "Aandikishe Mwanahawa," akasema. "Mie siwezi kumshinda mama yangu ofisini." Nikapokea. Mchana huo huo, kabla sijalifunga jalada, akaingia Mwanahawa, jasho linamtoka, ametoka moja kwa moja kituo cha daladala. Na yeye alikuja kuondoa pingamizi.

"Mwache asajili. Mama hapati usingizi. Mie ntauza bila jina, watu wanaujua mlango wangu."

"Nassor ameshaondoa maombi," nikamwambia. "Leo asubuhi. Anataka usajili wewe."

Akakaa. Akalia, kisha akacheka, kisha akakasirika. "Ndivyo alivyo huyu! Tangu utotoni. Lazima awe yeye wa kwanza kutoa." Akakataa katakata kusajili. Nikampigia simu Nassor, naye akakataa. Basi nikabaki na jalada lisilo na maombi wala pingamizi, na jina ambalo wote wawili walikuwa na haki nalo na hakuna aliyelitaka. Nilijaribu kumweleza mkuu wetu, Msajili, akaniuliza, "Sasa shauri liko wapi?" Nikasema sijui. Tukalifunga.

Nassor akaacha kutengeneza achari. Maskati wakanunua kwa mwingine. Lakini Ijumaa akawa anakwenda Bwejuu, na Bi Pili alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, ni Nassor aliyeingia kaburini kumpokea, kama mwana.

Haikupita muda mrefu baada ya khitma ya kumwombea, yakatua mezani kwangu maombi mengine. "Achari ya Thuwaiba." Mwombaji alikuwa Jaffar, kijana mwenye duka Bububu. Sikuwa na ruhusa ya kuwapigia simu akina Nassor. Ofisi haimnong'onezi mtu, na hilo nililishika miaka yote. Nikayatangaza kama yanavyotangazwa yoyote. Siku zile nilikutana na Nassor njiani, akaniuliza hali, nikamwambia njema, nikaendelea na safari yangu bila kumtajia tangazo. Nilikuwa natenda haki. Sijui kwa nini haki ilinipa kiungulia.

Walilisoma tangazo wenyewe, alhamdulillahi. Safari hii waliingia pamoja na wakakaa benchi moja. Mwanahawa alikuwa amebeba kikapu na ndani mna chupa, na Nassor alikuwa akimwambia awe mwangalifu asimwage mafuta. Upande wa pili alikaa Jaffar, mpole, shati limepigwa pasi, na mkewe pembeni yake.

Swali langu la kwanza lilikuwa lile lile. "Bi Thuwaiba ni nani?"

"Mama yetu," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nikaandika. Mpaka leo sijui niliandika mama yupi.

Jaffar hakuwa mwizi, nataka mlielewe hilo. "Mie nilikuwa nauza achari ya huyu bwana dukani kwangu," alisema. "Ikakatika. Wateja hawaachi kuulizia. Nikatazama kwenye daftari zenu, jina halina mwenyewe. Na tena lao lina Bi, langu halina."

"Kwa nini halina?"

"Mke wangu bado kijana."

Nikamtazama mkewe. Alikuwa msichana mwenye uso wa utulivu, hina imefifia vidoleni.

"Wewe ndiye Thuwaiba?"

"Naam."

"Jina lako la kuzaliwa?"

"Alinipa bibi yangu."

"Na achari unatengeneza wewe?"

"Mwenyewe. Nimejifunza kwa mama."

Jamani. Katika shauri lile mwenye jina wa kwanza alikuwa amekufa, aliyelibeba sokoni alikuwa amekufa na jina lake halisi ni Pili, na Thuwaiba pekee aliye hai, mwenye jina lake, anayekata embe kwa mkono wake, alikuwa upande niliokuwa nimeanza kuuona umekosea. Nassor mwenyewe aliinama, nikaona amelihisi.

Mwanahawa akafungua chupa yake, akaomba nionje. Nikamwambia sheria haionji. Alama inalinda jina na ahadi iliyomo kwenye jina, ladha haiijui. Akafunga chupa taratibu, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Nilichukua muda kuandika uamuzi. Niliandika, nikachana, nikatoka nikanywa kahawa, nikarudi nikajisomea kwa sauti. Mwisho niliegemea maneno ya Jaffar mwenyewe: wateja walikuwa wakiulizia achari ya zamani, naye akawapa ya kwake. Mtu wa Bububu akisimama nje ya duka akaita, anamwita Bi Thuwaiba yule wa sokoni, na kuwepo au kutokuwepo kwa "Bi" hakumsaidii. Kuondoa maombi au pingamizi si kuliacha jina, maana Mwanahawa hakuacha kuuza kwa jina lile hata siku moja. Nikayakataa maombi ya Jaffar. Nassor na Mwanahawa wakasajili kwa pamoja, wamiliki wawili wa alama moja. Nasikia sasa wanagombana juu ya chumvi, na kila Ijumaa wanakula sahani moja. Lebo imebakishwa na yule mwanamke asiyejulikana, kwa sababu wanunuzi wameshamzoea.

Vitabuni, uamuzi ule ni sahihi. Mmoja wenu aliniambia ni mzuri, mtaufundishia. Sawa, fundishieni. Lakini mfundishe na hili.

Siku nilipompa Jaffar nakala yake, alishukuru, akatangulia nje kuwasha vespa. Mkewe akabaki kaunta.

"Shikamoo, bibi. Nna swali dogo."

"Marahaba. Uliza, mwanangu."

"Kwa hiyo jina langu sasa ni la nani?"

"Lako. Hakuna aliyekunyang'anya. Waweza kuitwa, waweza kuitika. Huwezi kuliweka kwenye achari kama alama ya biashara, basi. Tafuta jingine. Achari yako itauzika tu."

Akafikiri. "Na wakiniuliza dukani achari hii kapika nani?"

"Sema kweli. Sema Thuwaiba."

"Kusema naruhusiwa."

"Naam."

"Kuandika siruhusiwi."

Nikamweleza tena. Nilikwisha kuwaeleza mawakili mambo haya, na wakuu wa viwanda, na nilijua kuyaeleza. Nilimweleza habari ya mnunuzi mwenye haraka, habari ya ahadi iliyomo kwenye jina, habari ya sifa njema iliyojengwa na watu wengine kabla yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, bila kunikatiza, akiitikia kwa kichwa panapostahili. Nilipomaliza, sikuwa na hakika tena ni nani kati yetu aliyekuwa anaelezwa.

"Ahsante, bibi," akasema.

Askari wa mlangoni akamsogezea daftari la wageni aandike jina lake kuwa ametoka. Akainama, akashika kalamu, kisha mkono ukasimama juu ya karatasi. Akageuka kunitazama, bila kejeli yoyote, kwa uso wa mtu anayetaka tu kujua.

"Hapa," akauliza, "naruhusiwa?"